Moyo Niliokataa Kushika

Ndugu zangu wa Kasongo, mumeniomba niseme namna nilivyopata kazi ya infirmye, ya kutunza wagonjwa. Nitasema, na mwenye atakasirika akasirike.

Shuleni, kule walikofundisha kazi hiyo, nilikuwa Muislamu peke yangu. Mwaka wa pili walitufundisha fiziolojia, ndiyo kusema namna mwili unavyofanya kazi. Niliipenda sana. Mwenye alifaulu aliweza kuwa infirmye, kuingia laboratwari, hata kufundisha wengine. Udaktari hapana, ule Wazungu walijiwekea.

Siku moja dokta akaleta moyo wa nguruwe. "Unafanana na wa mutu," alisema. "Kila mumoja akate, amwage maji ndani, aone vilango vinavyojifunga."

Nikaficha mikono nyuma.

"Mwenye hashiki, atoke."

Nikatoka. Shule ikaishia pale, nikarudi hapa na mulinishangilia, mama yangu akapiga vigelegele. Na mimi nikavimba kichwa, nikijiona shujaa wa dini.

Kazi nilipata wapi? Kabambare, kwenye dispansere, nyumba ndogo ya dawa, kufagia na kuchemsha sindano. Miaka mitano! Na ninyi wenye mulishangilia, mukiugua mukiwa safarini kule mulinipita na ufagio wangu, mukaenda kwa rafiki yangu Mukristo wa shuleni, yule mwenye alishika moyo na sasa alikuwa infirmye pale. Iliniuma. Inaniuma hata leo.

Kisha mama akaletwa, miguu imevimba, pumzi fupi. Rafiki yangu akamusikiliza kifua. "Kilango kimoja cha moyo hakifungi muzuri. Unakumbuka lile somo?"

Sikukumbuka. Sikuwapo. Kila nilipokuja kumusalimia mama nilimuona akihema, nikasema ni uzee. Sisemi ningemuponya. Nasema sikujua, na alikufa nimemushika mukono.

Baada ya mazishi nikaenda Nyangwe kwa shehe mumoja, nikamulilia habari yote.

"Walikuambia uule?" akauliza.

"Hapana, shehe. Kushika tu."

"Basi si ungenawa? Mara saba, moja na udongo, najisi inatoka. Ulimuuliza nani?"

Sikumuuliza mutu. Na hapa hakuna mutu aliyeniambia niulize.

Rafiki yangu akaniombea kwa dokta, nikarudi shuleni. Nikashika, nikakata, nikanawa, na kazi ya infirmye nikapata. Kunawa kwenyewe kulichukua muda mufupi kuliko kula ndizi moja.

Namushukuru rafiki yangu, namushukuru shehe, Mungu awalipe. Na ninyi, mutoto akirudi na jambo la namna hii, mumupeleke kwanza kwa mwenye anajua, vigelegele vingoje. Mama yangu alipiga vyake kwa furaha, na mimi nikamuacha apige.