Chomeni Isabilo Kabla Hamjanililia

Sogeeni hapa, Otmar, Apolinari, na wewe Coletha acha kunipepea, upepo ninao wa kutosha na ndio unaoninyima usingizi. Mtu asiniambie nipumzike. Padre amenipaka mafuta asubuhi, ya Mungu yamekamilika, yamebaki ya kwenu wanangu, na haya ya kwenu ndiyo yananigeuza huku na huku kama niliyelalia siafu. Niinueni kidogo. Hapana, hivyo naumia, nilazeni tena. Basi, hivyo hivyo.

Nianze na mali, maana najua humu ndani kuna masikio yameshasimama, na sisemi ya nani. Nyumba hii ya mabati ni ya Coletha. Ndiye aliyerudi kwangu ndoa ilipomshinda, ndiye aliyenibeba kwenda chooni miguu iliponikatalia, na asije mjomba yeyote kuwaambia kwamba mtoto wa kike hapewi nyumba, kwa sababu huyo mjomba hakuniletea hata kikombe cha uji. Shamba la bondeni, lile la pamba, pamoja na plau, ni vyako Otmar, na ulime mwenyewe, tumbo hilo limeanza kukutangulia mlangoni. Wewe Apolinari chukua ng'ombe mwekundu na ndama zake. Ng'ombe waliokuwa wakuolee wewe walitoka zizini siku alipooa kaka yako, sikusahau, ingawa hukuniuliza hata siku moja. Mizinga ya nyuki iliyoko kilimani Isabilo siigawi. Nitakuja kuisema.

Fungua dirisha, Coletha. Fungua lote. Mnasikia nyasi hizo zinavyochakacha? Juzi mliponitoa nje nikaote jua, nilitazama Isabilo nikaona zimeshaanza kuwa njano kichwani, chini bado ni mbichi, na tangu siku hiyo sijafumba jicho. Mnadhani ni ugonjwa. Si ugonjwa.

Nyinyi mlizaliwa kule juu, kabla watu hawajateremshwa wote kukaa kijijini huku kando ya barabara ya Masumbwe, kwa hiyo mnajua, lakini nawaambia tena kwa sababu mtu anaweza kujua jambo na bado akalipita. Baba yenu Pantaleo hakuwa na cheo chochote, hakuwa balozi wa nyumba kumi wala mzee wa kanisa, ila kila mwaka, mwezi wa sita, nyasi zikifika hapo zilipofika sasa, alipanda Isabilo jioni umande ukikaribia akazichoma. Moto wa namna ile hauna hasira. Unatambaa chini kwa chini, unakula majani unaacha miti na mizinga, ukifika penye unyevu unalala. Wageni walipoanza kuja, kwanza wazungu wa mgodi wa Geita na mahema yao, kisha walimu na wanafunzi wa Shinyanga, manesi, vijana wa kwaya, wote wakitaka kupanda na kulala juu penye chemchemi ili waone jua likichomoza, walilalamika kwamba tumewachafulia mlima kwa majivu. Baba yenu alicheka tu. Hakuna aliyejua kwamba walikuwa wanalala usingizi mzuri kwa sababu ya majivu yale.

Halafu akafa, na akafa mwezi wa sita wenyewe.

Desturi yetu mnaijua. Mwenye msiba hashiki jembe wala hawashi moto porini mpaka matanga yaanuliwe na vichwa vinyolewe. Tukakaa. Tukamsubiri baba yenu mdogo atoke Geita, akachelewa, alipofika ikabidi tuwasubiri wakwe, na wakwe nao walikuja wanavyojua wakwe. Mimi nilikuwa ndani na shuka langu kichwani, mjane siku zile hana kauli, lakini niliwasikia pale uani. Wewe Apolinari ulisema uende ukachome hata kwa siri. Na wewe Otmar ukamjibu, "Nyasi zitasubiri. Baba hafi mara mbili." Wazee wakakusifu, nami hapo nilipokaa nikaona nimezaa mtoto mwenye heshima.

Nyasi hazikusubiri. Tulipomaliza kunyoa zilikuwa zimeshakuwa kavu, na zikishakauka hazichomwi, ukiziwasha umeuwasha mlima. Mwezi wa nane wageni wakaja kama kawaida, na dada yenu Generosa akapanda nao kama kawaida, kuwachotea maji na kuwauzia michembe ya viazi na asali. Moto ulitoka upande wa machweo. Wengine walisema ni warina asali, wengine wakasema ni sigara ya mgeni, mimi sitaki kujua, na nyinyi msitafute. Mlima mkavu haukosi mtu wa kuuwasha. Wageni walikimbilia majabalini wakapona wote. Generosa alikuwa kwenye kibonde cha chemchemi kule juu, nyasi zikimpita kimo pande zote mbili. Mlimkuta pale pale majini na ndoo yake. Nililia mpaka sauti ikaniacha, na hadi leo nikinusa jani bichi linaloungua naliona gauni lake.

Nipe maji. Kidogo. Yanatosha.

Sasa niseme au ninyamaze? Nasema. Apolinari, pale kaburini, udongo haujakaa sawa, ulimwambia kaka yako mbele ya watu, "Wewe ndiye uliyemuua." Ukabeba kifurushi chako ukaenda Segese kuchimba dhahabu, na tangu hapo hamjala katika sahani moja. Mmoja akiingia kwangu mwingine anakumbuka ana shughuli. Sukari mnaniletea kila mtu na yake, nimekuwa na sukari nyingi kuliko duka, na wana wawili wa kula pamoja mbele yangu sina. Leo ndiyo mara ya kwanza mmekaa chumba kimoja, na hata leo kila mmoja anautazama ukuta wake. Nawaona. Macho hayajafa.

Apolinari, ulikuwa na haki juu ya nyasi, hukuwa na haki juu ya kaka yako. Otmar, ulimheshimu baba yako, na anayekulaumu kwa hilo anilaumu mimi niliyekulea hivyo. Lakini heshima ile ilitugharimu mtoto, mwanangu, na wewe unajua, ndiyo maana kila mwaka unapanda peke yako kuchoma, unachoma upande wa majabali halafu unashuka, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuchoma Isabilo yote, moto unamgeukia mgongoni. Upande wa chemchemi haujaguswa tangu baba yenu afe. Mwaka jana moto wa kiangazi ulifika hatua chache kutoka kwenye mahema. Mlisema ni bahati. Mimi nilisali rozari mpaka asubuhi.

Na nani anawachotea maji wageni siku hizi? Anisia. Binti yako, Otmar. Anapita njia ile ile aliyopita shangazi yake. Na mwalimu wa Shinyanga ameshatuma salamu kwamba mwezi wa nane anakuja na watoto wa shule, wengi kuliko mwaka jana.

Sasa tazameni mwezi huu, mtazame na mimi nilivyo. Nakufa mwezi wa sita kama baba yenu. Mmeshaelewa kwa nini silali.

Basi huu ndio wosia wangu, yale ya ng'ombe na nyumba yalikuwa maneno tu. Nikifa msikae matanga. Msimsubiri mtu wa Geita, msisubiri wakwe, msiguse wembe. Nifungeni katika shuka langu, mnizike, mpande. Watu watasema watoto wa Bernadina hawana adabu, wamewasha moto porini na mama yao hata hajapoa. Waambieni ndivyo alivyoagiza, na asiyetaka aje anidai mwenyewe huko niliko. Mizinga ni yenu wote wawili, haigawanyiki, na atakayeihamisha mmoja peke yake asile asali yake akashiba.

Hapana. Ngojeni. Nimesema vibaya.

Msisubiri nife. Mimi mwenyewe sijui ni leo au Jumapili, na nyasi hazinijui. Umande wa leo utakuwa mzuri, upepo huu utatulia jua likizama, nimeusikiliza mchana kutwa. Nendeni sasa. Otmar shika majabali, Apolinari shika chemchemi, mmoja asianze kabla hajamwona mwenzake amefika, na mchome mkikaribiana mpaka moto wako ukutane na wake. Mkishuka mkala pamoja, mkinuka moshi wote wawili, mimi hata kama sipo nitakuwa nimekula.

Usilie, Otmar, mwanangu, ng'wana wane. Coletha yupo. Mtu hahitaji watoto watatu ili afe.

Njooni niwabariki. Coletha, maji mdomoni... Nilitaka kuwapulizia vifuani kama baba yenu alivyofanya, yameishia kidevuni. Pakaeni hayo hayo. Otmar, paka. Mwenzako naye, kwa mkono wako, mpake wewe. Hivyo. Mungu awape miguu... awape wajukuu wasioogopa kiangazi... na asali isikauke kwenu.

Mbona bado mmesimama. Nendeni, wanangu. Mkishika mlima, mkasikia vilio huku chini... mtajua ni vya nani. Msishuke. Malizeni kwanza.