Mama Usimwage Anatuachia Tyubu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, mteknolojia wetu mwandamizi anavua koti jeupe. Kwenye kitambulisho ana jina lingine, lakini humu maabara wote tunamwita Mama Usimwage. Mimi ninayerithi kiti chake nimeombwa niieleze kazi yake. Nitajaribu, ingawa bado inanichanganya.

Kazi yenyewe ni kukoleza virusi vilivyoondolewa makali, vile vinavyobebeshwa jeni ya tiba na kuipeleka kwenye seli za mgonjwa. Huja vichache ndani ya maji mengi. Unatoa maji, unabakiza virusi. Rahisi, eti? Kumbe mashine ya kuzungushia tyubu ikizunguka polepole, uchafu hutuama na virusi hubaki juu, kwa hiyo unatupa cha chini. Ikizunguka kwa kasi, virusi ndivyo vinavyotuama, unamwaga cha juu. Ukija kwenye kichujio, maji hupita, virusi hugoma. Na muda wote huo huoni kitu, maana hata mashapo yake, yaani kile kilichotuama, mara nyingi hayaonekani kwa macho.

Mwaka wake wa kwanza alimwaga virusi kwenye ndoo ya taka yenye dawa ya kuulia vijidudu, akautunza uchafu kwenye friza kwa heshima zote. Alitusimulia mwenyewe, akicheka hadi machozi. Tangu hapo akawa anaweka alama ya kalamu nje ya tyubu, pale mashapo yatakapotua, na yeyote aliyesogelea ndoo alipigiwa kelele asimwage kwanza. Mumewe analalamika kwamba hata nyumbani maji ya kuoshea mchele hayamwagwi bila kibali. Sisi tunamshukuru, maana mtindo wake wa alama sasa unafundishwa kwa kila mgeni wa maabara.

Wiki iliyopita alinikabidhi tyubu za dawa inayosubiriwa na watoto wa wodi ya macho. Akafumbata mikono. Nikamtazama, naye akatazama dirishani. Nikamwaga cha juu huku jasho likinitoka. Kila nikikumbuka naona nilipatia, kisha naona nimewaharibia watoto wa watu. Majibu ya kipimo cha tyubu hizo yanatoka Jumatatu, yeye akiwa ameshakwenda zake.

Asante, Mama, kwa kutukaripia bila kutuonea. Tutakukumbuka sana, na tunakutakia mapumziko matamu wewe na mzee wako. Lala mpaka uchoke, wadekeze wajukuu. Ila Jumatatu asubuhi, tafadhali, simu usiizime.