Moto wa Kibiriti

Sogeeni wote, wanangu, na wewe Zéphirin toka hapo mlangoni uje ukae mbele yangu nikuone macho, maana sauti yangu imekwisha lakini hasira yangu bado.

Mnajua nilifundisha shule ya misioni. Nilipenda kuwasimulia watoto habari za Wafarsi wa zamani, waliomwabudu Bwana Mwenye Hekima, wakaulinda moto usizimike, na kupita dhambi zote wakachukia uongo. Dario, mfalme wao, alichongesha kwenye mwamba kwamba Uongo ndio uliozifanya nchi zake ziasi. Koreshi, aliyemtangulia, aliwaachia mateka warudi kwao. Siku niliyosema hilo, kalasi nzima ikaniuliza, “Mwalimu, na sisi tutarudi lini?” Padri akasikia. Sikufundisha tena.

Waliuliza kwa haki. Askari wa Bulamatari, serikali ya wazungu, walitutoa kwetu ng'ambo ya mto Luama, wakatupanga kando ya barabara kama miche ya mihogo, ili mzungu wa pamba atukague bila kushuka kwenye motokari yake. Mama yenu hakubeba kitanda. Alibeba kaa la jiko lake ndani ya chungu cha majivu, akalipulizia njia nzima, na Asani mgongoni. Akasema, “Moto huu ndio mji wetu. Siku ya kurudi tutaurudisha.” Alipokufa nilikukabidhi wewe, Zéphirin, uulishe kuni.

Ukaenda Kabambare kunywa, ukauacha ukafa. Hilo ningelisamehe. Lakini ulinunua kibiriti, ukawasha mwingine kwenye mafiga yale yale, ukaniacha kila jioni nikae kando yake nikiuambia habari za mama yenu. Mke wako alijua. Asani alijua. Mlicheka, sivyo? “Mzee anaongea na kibiriti!” Feza peke yake, binti yako mwenyewe, uliyemtoa shuleni akachume pamba, ndiye aliyepiga magoti akaniambia kweli. Nawe ukampiga.

Basi mashamba na michikichi mgawane, sina neno. Mafiga ya mama yenu ni ya Feza, na baiskeli yangu ni yake, imrudishe shuleni. Mkinizika kando ya barabara hii, msiitaje baraka yangu. Nivusheni Luama, hata kwa kificho.

Mfalme wa Wafarsi alipokufa, walizima mioto yao mitakatifu mpaka azikwe. Mimi si mfalme, na sitasubiri kufa. Zéphirin, chukua mtungi wa maji. Mwaga. Mwaga, nimesema! Usilie sasa, hukulia ulipokuwa unawasha.

Ahaa. Sasa jiko limesema kweli.

Feza, mama, ukishanifunika udongo kule, pekecha vijiti kama bibi yako alivyokuonyesha. Uwashe mpya, usio na uongo ndani. Mungu akutangulie… akupe pumzi ndefu ya kuupulizia…

Zéphirin. Lete mkono. Sijakusamehe, usijidanganye. Shika tu, mwanangu… nasikia baridi.