Daktari Aime Raudkats, Aliyewajua Wagonjwa Wake kwa Majina

Daktari Aime Raudkats alizaliwa tarehe 3 Februari 1952 kijijini Leevaku, karibu na mji wa Räpina, mtoto wa pekee wa fundi wa kinu cha unga na mshonaji. Alisoma Räpina, kisha akasomea udaktari katika chuo kikuu cha Tartu na kuhitimu mwaka 1976. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Enno, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mmoja, Piret.

Alikuwa daktari wa familia kwa miaka arobaini na mmoja. Kompyuta zilipoletwa, alinuna. Wagonjwa elfu moja na mia sita alikuwa nao kichwani, pamoja na migongo yao na mbwa wao. Mzee Kalju alimwambia, "Siku hizi daktari unakitazama hicho kioo zaidi kuliko mimi."

"Chenyewe hakilalamiki, Kalju. Vua shati."

Baadaye kompyuta ikawa tegemeo lake, na familia haikujua. Kabla mgonjwa hajaingia, alisoma kwanza jina lake kwenye kioo. Aliyegundua ni muuguzi wake, Maive. Siku moja mwaka 2017 alikuta maelezo ya Kalju yameandikwa mara tatu, neno kwa neno.

"Daktari, hii umeshaiandika."

"Basi tumehakikisha."

Maive alicheka, halafu akaenda stoo kulia.

Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo, marehemu alipokuwa akimwandikia mama mmoja dawa ya moyo, kompyuta ilitoa onyo jekundu. Alilisoma mara mbili, asielewe linamkataza nini. Akamwambia Maive taratibu, "Mwite daktari mwingine." Hakukalia tena kiti kile. Vipimo vilionyesha ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Dawa ya kuuponya haikuwapo, naye alilijua hilo kabla ya kuambiwa.

Nyumbani, kila asubuhi, vidole vyake vilibonyeza kitambaa cha meza huku akimhoji mumewe.

"Jina lako kamili?"

"Enno Raudkats."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi, mke wangu."

"Sasa umefuata nini, na watu wamejaa nje?"

Mwanzoni Enno alimweleza, akamwonyesha na picha za harusi. Haikusaidia kitu. Mwishowe alizoea kusema goti linamuuma, ili aruhusiwe kukaa.

Marehemu aliugua nimonia, akafariki tarehe 21 Januari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Enno. Ameacha mume, binti yake Piret, mkwe, na wajukuu wawili, Oskar na Liisu.

Udongo wa Leevaku usimlemee. Apumzike, amechoka.