Ukurasa wa Binti wa Fundi Viatu

Kikao cha Tisa cha Kamati ya Muda ya Kuchunguza Kutoonekana kwa Ukurasa wa Marehemu kilifunguliwa saa tatu asubuhi, kwenye benchi mbele ya kibanda cha fundi viatu, akidi ikiwa imetimia: watu watatu na birika moja la kahawa. Mwenyekiti alikuwa Karani, mzee aliyestaafu ofisi lakini si mihuri. Mtaalamu alikuwa Injinia, mtengeneza simu, kompyuta yake mapajani. Mlalamikaji alikuwa fundi mwenyewe. Binti yake alifariki miezi saba nyuma, baada ya mwaka mzima wodini katika mji wa mbali, na huko alikuwa akimwandikia baba yake barua kwenye ukurasa wa mtandaoni. Anwani na neno la siri alimwachia kwenye kipande cha karatasi. Kila asubuhi, kabla ya kushika nyundo, fundi aliandika jina la mwanawe kwenye simu na kubonyeza tafuta. Walikuja wengine wenye jina hilo: wakili, muuza matairi, mkimbiaji wa mbio ndefu. Wake hakuwemo. Akawa anafiwa kila siku kabla ya chai.

— Mashine inapitia kurasa kama mimi nilivyopitia mafaili, alisema Karani. Faili lisilo na lebo halipo, hata ukilikalia.

— Lebo nimeweka, Karani. Kichwani mwa ukurasa, pale msomaji haoni ila mashine inaona. Nimeweka jina lake, kimya. Nikaongeza "viatu imara", kimya.

— Viatu vinamhusu nini? aliuliza fundi.

— Watu wanatafuta viatu, mzee. Wakija kutafuta viatu, wanamkuta dada.

— Basi weka "nafasi za kazi", alisema Karani. Nani hatafuti kazi? Weka na "dawa ya kipara".

— Kipara nilishaweka kikao cha sita.

— Hapo kuna mkono wa mtu. Kuna ofisi mahali, majina ya marehemu yanasubiri sahihi, na mwenye kalamu yuko likizo.

— Au mashine inaogopa maiti. Ikinusa kwamba mtu hayupo, inapita mbali.

Nyundo ya fundi ikatua polepole. Injinia akajimiminia kahawa ambayo hakuitaka.

— Nisamehe, mzee.

— Endelea, mwanangu. Mimi nataka tu mtu asiyemjua amjue. Nikiondoka mimi, nani atasema kwamba alipita hapa?

Akaja mama mmoja anachechemea, kiatu mkononi.

— Hodi jamani. Kisigino kimenitoka njiani.

Akakaa kusubiri, jicho likaangukia kompyuta, ambako maandishi ya siri ya kichwani mwa ukurasa yalikuwa wazi.

— Huu mstari wa juu kabisa nao mmeandika nyie?

— Huo niliukuta, mama.

— Unasemaje?

Vikao tisa, mtaalamu alikuwa akiandika chini ya mstari ule bila kuusoma. Akausoma. Akarudia.

— Si useme! alifoka Karani.

— Unaziambia mashine zisiuorodheshe ukurasa huu. Uliwekwa siku ile ile ukurasa ulipofunguliwa.

— Kosa hilo! Vijana na haraka zao. Futa, tufunge kikao.

Kidole cha Injinia kikasimama juu ya kitufe.

— Nifute, mzee?

Fundi akaomba kompyuta. Barua zote arobaini na moja alizijua kwa moyo. Sasa alisoma mianzo tu. "Baba, leo wamenihamisha kitanda." "Baba, mikebe ya rangi bado unaifungua kwa meno?" "Baba, jana niliogopa sana, usimwambie mtu."

— Kwani alikuwa anamwandikia nani mwingine? aliuliza yule mama.

Karani akachungulia birika. Lilikuwa tupu.

— Toa maneno yetu, alisema fundi. Yote, na kipara. Mstari wake uache.

Akapokea kiatu cha mama, akatafuta misumari kwa muda mrefu, ilhali ilikuwa mbele yake.

Ukurasa haukuwa na hitilafu. Binti aliuficha mwenyewe, tangu siku ya kwanza, ili ausome baba yake tu.