Sista Kaa Kitako na Uzi wa Mama

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, kengele ya jioni ikilia, muuguzi wa zahanati ya kiwanda chetu cha nguo atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Hapa kiwandani tunamwita Sista Kaa Kitako, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza analomwambia kila anayeingia mlangoni kwake, awe mfagiaji au meneja. Mimi ninayeandika ni mzee wa boila. Nilistaafu kabla yake, wakanirudisha wenyewe, maana boila ile haimsikilizi mtu mwingine. Shule sikukaa sana, na kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko spana. Lakini wasifu huu nimeung'ang'ania niuandike mimi, na sababu nitaisema.

Katibu wa jarida alinipa mfano wa kufuata, umeshaandikwa nusu. Unasema Sista "aligawa dawa za maumivu ya kichwa kwa tabasamu na nidhamu." Nikausoma taratibu, kidole juu ya mstari, nikasikia mvuke unanipanda. Tabasamu lipi? Sista nimemwona akitabasamu mara chache sana, na nyingi kati ya hizo alikuwa anatoa jino la mtu. Mwanamke aliyefanya aliyoyafanya humu ndani, mnamuaga kwa vidonge vya kichwa? Karatasi ile nimeiwashia moto. Ya kweli ndiyo hii.

Alipokuja, zahanati ilikuwa stoo ya magunia ya wanga, na panya wake walikuwa wanene kuliko wafanyakazi. Alitoa magunia nje kwa mikono yake, akapaka chokaa, akadai sinki. Maji ya moto ya kuchemshia vyombo yalitoka kwangu, kwa bomba nililolifunga mimi mwenyewe, na mpaka leo halijavuja hata tone. Aliwalazimisha wapiga rangi kuvaa glavu wakati walikuwa wanajivunia mikono ya buluu kama vile ni vyeo. Akina mama wa mashine za kufumia aliwapatia chumba cha kunyonyeshea. Meneja wa wakati ule alipokwenda kumuuliza ruhusa kapewa na nani, aliambiwa akae kitako, akapimwa presha, ikakutwa iko juu, mazungumzo yakaishia hapo.

Hayo peke yake yangetosha kumpa mtu heshima. Lakini mimi nina langu.

Idara ya rangi ya kiwanda hiki ilikuwa na mila mbili. Ya kwanza, mpiga rangi alikuwa anaajiriwa kwa jina la baba yake. Mtoto wa kiume wa mpiga rangi aliingia moja kwa moja, bila kuulizwa swali, kwa sababu walisema jicho la rangi liko kwenye damu, baba humpa mwana. Ya pili, ndoo za rangi iliyokorogwa hazikuandikwa kitu. Fundi wa kweli, walisema, hasomi ndoo, anaitazama. Mwanagenzi aliyebandika karatasi kwenye ndoo alizomewa wiki nzima.

Binti yangu aliolewa na fundi mkuu wa rangi. Mkwe wangu yule ni hodari, sitamnyima haki yake, akiangalia kitambaa kibichi anakwambia kikikauka kitakuwaje. Mtoto wao wa kwanza wa kiume, mjukuu wangu, alipomaliza shule alipewa nafasi kwenye mapipa kwa mila ile ile. Hazikupita siku nyingi. Kulikuwa na kitambaa cha sare za shule, kijani. Kijana akaongeza rangi kwenye pipa kutoka ndoo ya jirani. Ndoo ile ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyoiva. Majora yakatoka na rangi ya tope la mfereji, na kijana amesimama pembeni anasubiri kusifiwa.

Walimuuliza, "Hukuona?" Akasema, "Kuona nini?"

Hapo ndipo walipomletea ndoo mbili na kumwambia achague, akachagua vibaya, akarudia, akakosea tena. Msiniulize kwa nini nyumbani hawakujua. Mtoto anafundishwa kwamba majani ni kijani na damu ni nyekundu, na yeye anajibu alivyofundishwa. Nani anamshika mwanawe amsahihishe macho?

Mkwe wangu, kwa aibu, mbele ya zamu mbili zinazopishana, akasema maneno haya: "Baba yangu alikuwa mpiga rangi. Babu yangu alikuwa mpiga rangi. Damu yangu haizai mtu asiyejua kijani. Huyu si wangu, kamuulizeni mama yake." Jioni ile binti yangu alirudi kwangu na sanduku lake na mtoto mdogo mkononi, na yule mkubwa anamfuata nyuma kama mtu aliyevunja kitu asichokijua.

Sasa mniambie kama hasira yangu ni ya bure. Kesho yake kiwanda kizima kilikuwa kinapiga hesabu za miezi. Kwenye foleni ya chai nilimsikia mtu akimtaja dereva wa lori la pamba wa zamani zile. Watu waliokula pilau la harusi ya binti yangu. Mwanamke kazaa, kalea, kapika, halafu siku kijana akikosea ndoo, mwizi ni mama. Wala hakuna aliyemtazama baba akauliza lolote. Nilichukua spana yangu kubwa nikaelekea idara ya rangi.

Njia ya idara ya rangi inapita mbele ya zahanati. Sista alikuwa mlangoni.

"Unaenda kufungua bomba gani, mzee?"

"Kichwa cha mtu."

"Iweke chini. Kaa kitako."

Nilikaa. Binti yangu tayari alikuwa ndani, macho yamevimba. Sista hakumuuliza habari za dereva yeyote. Alimuuliza, "Nyumbani kwenu, baba yako alikuwa anachaguliwa nguo na nani?" Binti yangu, katikati ya kulia, akacheka. Akasema mama yake ndiye aliyenipangia kila asubuhi, shati juu ya suruali, na siku mama alipolazwa nilikwenda kazini na soksi ya kijani na soksi ya kahawia. Ni kweli, marehemu mke wangu alinipangia nguo maisha yetu yote. Nilidhani ni mapenzi. Na mapenzi yalikuwemo, msinielewe vibaya.

Sista akanigeukia. "Na nyanya sokoni?"

"Nazibonyeza," nikasema. "Kila mtu mwenye akili anabonyeza."

"Na geji ya boila, ile sehemu nyekundu?"

"Mshale ukilala kulia, nafungua mvuke. Rangi ya nini?"

Akaniambia wazi kwamba ili binti yangu asafishwe, lazima mimi nikubali kupimwa macho, na nipimwe pale pale maneno yalipotamkwa. Nilijua maana yake. Kwa wapiga rangi, mtu asiyejua rangi ni wa kuchekwa mpaka kaburini, na mimi sijawahi kuchekwa humu ndani. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mwanamume mwingine angejiuliza mara tatu, mimi sikujiuliza.

Zamu zilipopishana, Sista aliingia idara ya rangi na kitabu chake cha madoadoa.

"Hapa unaona namba gani, mzee?"

"Naona madoa."

"Na ndani ya madoa?"

"Madoa mengine."

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mzee wa boila, saba hiyo, mbona inakukonyeza?" Nikamwambia kitabu kimechapwa vibaya. Mpaka leo nasema kimechapwa vibaya. Kisha Sista akaniwekea ndoo mbili, akaniambia nionyeshe kijani. Nikaonyesha bila kusita, kama mwanamume. Safari hii hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimechagua ndoo ile ile aliyoichagua mjukuu wangu.

Sista akaomba nyuzi kwa akina mama wa kufuma, ndefu na fupi. Akasema kila mtu mwilini mwake ana nyuzi za maelekezo, nusu kapewa na mama, nusu na baba. Nyingine zote hazigusi leo, anataka jozi moja tu, ile inayoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Mwanamke ana mbili ndefu. Mwanamume ana mmoja mrefu na mmoja mfupi. Na maelekezo ya kutenganisha nyekundu na kijani yako kwenye ule mrefu, kwenye mfupi hayapo.

Akapiga fundo kwenye uzi mmoja mrefu, akauinua. "Huu ni wa mzee. Una kasoro, na hana mrefu wa pili wa kumsaidia, ndiyo maana haoni. Alipozaa binti alimpa upi?"

"Mrefu," akajibu mpiga rangi mmoja. "Angempa mfupi angezaliwa dume."

"Vizuri. Basi binti ana fundo, atake asitake. Ila mama yake alimpa uzi mwingine mzima, na mmoja mzima unamtosha, anaona rangi kuwashinda nyinyi. Anapozaa mtoto wa kiume, anampa mmoja kati ya hizi mbili. Na baba wa mtoto anatoa upi?"

Alikuwa anamtazama mkwe wangu.

"Kaa kitako," Sista akamwambia. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sista akamwekea kiganjani uzi mfupi. "Wewe ulimpa huu. Jicho lako zuri halimo humu, na halijawahi kuwamo."

Mmoja wao hakuridhika. "Mbona wajomba zake kijana wanaona vizuri, na wao ni watoto wa mzee?"

"Mzee aliwapa mfupi. Mrefu waliupata kwa mama yao, ulikuwa mzima."

"Na mdogo wake wa kiume anayeona vizuri, mama si yule yule?"

"Mama ni yule yule, uzi si ule ule. Kila mimba ni sarafu inarushwa upya. Huyu aliangukiwa na wenye fundo, mdogo wake akapata mzima."

Halafu akasema jambo ambalo wasemaji wengi wangelipita. Alisema uzi ule hautaji baba wa mtoto ni nani, na yeye hakuja kulitaja. Unasema kitu kimoja tu: macho ya kijana yule si ushahidi juu ya mama yake. Mwenye ushahidi mwingine aulete mezani sasa hivi. Alisubiri. Kisha akazikusanya nyuzi zake.

Hakuishia hapo, na hapa ndipo ofisi ilipochukia. Aliwapima wafanyakazi wote. Kati ya wanaume walipatikana kadhaa wenye macho kama yangu, mmoja yuko kwenye mapipa miaka nenda rudi, anakariri ndoo ilipowekwa. Kati ya wanawake, na ni wengi kuliko sisi, hakupatikana hata mmoja, kwa kuwa mwanamke hukosa rangi hizo akiwa na fundo kwenye nyuzi zote mbili, na hilo hutokea kwa nadra. Alisema ndivyo ilivyo kwa watu wa kila taifa, kwingine wengi zaidi, kwingine wachache. Kisha akawauliza mafundi swali ambalo bado linaniwasha kwa niaba ya watoto wa kike wote wa mji huu: ikiwa mpiga rangi uzi wake mrefu huwapa mabinti tu, mbona vizazi vyote hivi mmewaajiri wana, na mabinti mmewaacha getini? Na ufundi wenyewe, akasema, haumo kwenye uzi wowote. Mliupata kwa kukaa karibu na mapipa.

Ofisi ilimwita, ikamwambia kazi yake ni vidonge. Sijui aliwajibu nini, ila najua alivyoanza, na najua meneja alikaa. Leo anayeingia idara ya rangi anapimwa macho kwanza, ndoo zote zimeandikwa, na wanawake wako kwenye mapipa. Mjukuu wangu ni fundi mitambo, nimemfundisha mwenyewe, kwa hiyo msiulize kama anajua kazi.

Binti yangu alirudi kwa mumewe. Mkwe wangu alikuja kwangu, akaomba radhi sebuleni, mlango umefungwa, na mimi sikumkatalia. Lakini binti yangu amebaki na neno moja miaka yote hii. Anasema aliyoyasema mume wake aliyasema mbele ya zamu mbili, na kuyafuta ameyafutia sebuleni. Wapo mpaka leo wanaomtazama mjukuu wangu pembeni, wakimlinganisha pua.

Ndiyo sababu ya karatasi hii. Ijumaa mkwe wangu ndiye aliyechaguliwa kumkabidhi Sista zawadi, na kila mtu atakuwa na karatasi hii mkononi. Sikutaka kumvizia. Jana nilimwita kwenye boila nikamsomea yote, taratibu, kidole juu ya mstari. Nilitegemea aombe nipunguze. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta jasho, akasema, "Baba, umekosea mahali. 'Huyu si wangu' sikusema mara moja tu. Nilipofika mlangoni niligeuka nikarudia, na kijana alikuwa ananitazama. Liandike na hilo, na uandike kwamba ni mimi niliyekwambia."

Nimeliandika.

Sista, wewe ndiye uliyetutoa kwenye ujinga ule, na familia yangu inakushukuru, mimi wa kwanza. Nenda ukapumzike, maisha yako ya mbele yawe mema na marefu. Na huko uendako, akija mtu kumlaumu mama wa mtoto, usimwache asimame.