Kikao cha Kusimama na Mguu wa Laurencia

Risala ya wafanyakazi wa Loji ya Mbigili, Rhotia, kwa Mkurugenzi. Msomaji: Germana wa jikoni.

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, karibu Rhotia, na pole kwa vumbi la njiani. Tumefurahi kukuona, ila vichwa vyetu vimevurugika, na hatutaficha.

TULIKOTOKA
Zamani vikao vyetu vilikula asubuhi nzima. Chai, chapati, porojo. Huku wageni wanangoja mayai na magari ya kuwapeleka kreta kuona wanyama yanachelewa. Tulikosea, tunakiri.

MAFANIKIO
Januari meneja aliondoa viti. Kikao kikawa cha kusimama, dakika kumi basi, na tangazo likabandikwa: jambo la kazi lisemwe kikaoni tu, si koridoni. Muda uliokoka kwelikweli. Muhtasari wa kila kikao ukaandikwa "Mengineyo: hakuna", nasi tukajipongeza.

CHANGAMOTO
Juni, ngazi ya mbao ya kushukia chumba cha kufulia ilikatika, na Laurencia, mama yetu wa kufua, akavunjika mguu. Kumbe Metui, mlinzi wetu kutoka Arash kule Loliondo, aliiona inaoza tangu Machi! Tukamjia juu: mbona hukusema kikaoni? Akatushangaa.

"Mlikuwa mmesimama wote. Kwetu anayesimama ndiye anayesema, wengine wanakaa wanamsikiliza. Nilingoja mkae."

Jamani! Miezi mitatu mzee wa watu anangoja zamu yake, na sisi tunadhani hana neno. Tumlaumu nani? Meneja? Metui? Sisi wenyewe? Mpaka leo hatujui. Tunachojua ni kwamba Laurencia kapewa barua ya kuachishwa kazi, eti ni uzembe wake, kwa sababu hakuna muhtasari unaotaja ngazi mbovu. Hapo ndipo tunapochanganyikiwa kabisa.

MAOMBI
Viti virudi. Nusu saa inatosha, chapati zibaki jikoni, na kila mtu aulizwe kwa jina lake ana lipi. Hayo yanaweza kusubiri. La Laurencia haliwezi: mwisho wake kazini ni Ijumaa hii, na ana watoto watatu.

Mgeni rasmi, leo viti tumevipanga. Tunakuomba ukae, nasi tukae, Metui asimame aseme alichokiona, na safari hii kiandikwe.

Mungu akurudishe nyumbani salama, ayajalie mvua mashamba ya Karatu na malisho ya Loliondo.

Ni sisi wafanyakazi ishirini na wawili wa Loji ya Mbigili, Laurencia akiwemo.